Daftari la Mama Mkwe

Niliyaanza mambo vibaya tangu mwanzo: nilioa kwenye kituo changu cha kazi. Mimi ni mtu wa Bagamoyo mjini, na nilipopangiwa zahanati ya kijiji kimoja cha ndani, mbele kidogo ya Fukayosi, nilikusudia kukaa miaka miwili kisha niombe uhamisho. Mwaka wa pili nikapeleka posa, na habari ya uhamisho ikaishia hapo. Mke wangu sijamjutia hata siku moja. Ila hakuna aliyeniambia kwamba ukioa kijiji kile hupati mkwe mmoja. Mama zake wadogo, mama zake wakubwa, shangazi zake, mke wa kila mjomba, wote wakawa wakwe zangu, na wote walikuwa wagonjwa wangu.

Na mkwe, kwa watu wetu, hashikwi. Ukikutana naye njiani unampisha, anajitanda vizuri na kutazama pembeni, mnasalimiana kila mtu akiongea na majani yake. Dini haina neno hapo. Mama mkwe ni maharimu wangu hadi kufa, kumtazama si dhambi. Ni haya tu, haya tulizozaliwa nazo, na mimi nilikuwa nazo kuliko wengi. Mwenzangu mmoja wa chuoni alikuwa akinicheka, akisema nimekuwa daktari wa wanaume na mbuzi.

Kwa hiyo nikajibunia utabibu wa wakwe. Mkwe akiingia chumbani kwangu alikaa kiti cha upande, uso dirishani. Mimi nilitazama meza. Nikiuliza, yeye alilijibu dirisha. Palipohitajika kutazama mwili, muuguzi wetu, mwanamke wa Pangani mwenye mikono myepesi na ulimi mkali, alimpeleka nyuma ya pazia, akamchunguza, akatoka kunieleza alichokiona. Mpango huo ulikwenda vizuri kwa miaka mingi. Sikujiuliza hata mara moja itakuwaje siku muuguzi asipokuwepo.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, siku ya huduma ya mkoba. Muuguzi alikuwa amepakia chanjo kwenye pikipiki kwenda vitongoji vya mbali. Katikati ya asubuhi akaingia mama mkwe wangu hasa, aliyemzaa mke wangu, na daftari lake mkononi. Kwetu mgonjwa hutunza daftari lake mwenyewe nyumbani, lile la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma, na tabibu huandika humo kila anapokuja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wajukuu hawajambo?"

"Hawajambo. Mama anajisikiaje?"

"Homa tu, baba. Mwili hauna nguvu."

"Kuna mahali panapouma?"

Alijitanda upya. "Mwili tu," akaliambia dirisha.

Nilimpa kipimajoto ajiwekee mwenyewe. Kidole nilimchoma huku nikitazama kalenda ya ukutani, nikapima malaria, hakuna. Tone lile lile la damu lingetosha kupima sukari, na kipimo kilikuwa kwenye droo, chini ya kiwiko changu. Lakini ili nifikirie sukari ilinipasa nimuulize kama anashikwa na kiu, na kama anakwenda haja ndogo mara kwa mara. Nani amuulize mama wa mkewe jambo hilo, na benchi la nje limejaa mashangazi wenye masikio? Sikuuliza. Nikachukua daftari nikaandika maneno ninayoyaandika kila siku: Amechunguzwa. Ngozi safi. Kifua safi. Tumbo laini.

Ngozi niliyoiona ilikuwa ya ncha ya kidole kimoja, tena kwa jicho la pembeni. Wala sikuhisi kama ninadanganya. Maneno yale mkono ulikuwa umeyazoea, ukiyaandika kabla kichwa hakijafika. Nikampa dawa za homa, nikamwambia arudi asipopata nafuu. Alishukuru, akalitia daftari kwenye mfuko wa plastiki, akatoka huku amelikaza bega la kushoto. Hilo la bega nililikumbuka baadaye.

Jumamosi mke wangu alikwenda kumfulia mama yake, akakuta harufu ndani ya chumba. Alimvua kanga kwa nguvu. Mgongoni, chini ya bega la kushoto, palikuwa na jipu pana kama kiganja changu, lenye midomo minne, na mama mwenyewe alikuwa akiongea na watu wasiokuwepo. Tulimkimbiza hospitali ya wilaya. Walipompima sukari kipimo kilikataa kutoa namba, kikasema tu kwamba iko juu mno. Akapelekwa chumba cha upasuaji saa ile ile.

Tukakaa kwenye benchi la nje, mimi na mke wangu, na mfuko wa nguo zake katikati yetu.

"Jumanne alikuja kwako," akasema.

"Alikuja. Hakusema kama ana jipu."

"Sijakuuliza alisema nini. Ulimtazama mgongo?"

"Sikumtazama."

Alizikunja zile nguo, akazikunjua, akazikunja tena. "Angekuwa mama wa mtu mwingine ungemtazama," akasema. Katika miaka yangu yote ya ndoa sijasikia neno lililonichoma kama hilo, maana halikuwa na tusi ndani yake. Lilikuwa kweli tupu.

Mama alilazwa wiki nyingi. Siku kadhaa za mwanzo hatukujua kama atarudi nyumbani. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuja kutoka Dar es Salaam, na yeye si mtu wa kelele. Aliuliza maswali yake polepole, akakaa na mama yake, akarudi mjini. Baada ya siku chache ikafika barua ya wakili kwa halmashauri, nakala kwa mganga mkuu wa wilaya. Familia inataka maelezo, na inakusudia kushtaki kwa uzembe. Waliotajwa ni mganga mfawidhi, yaani mimi, na watumishi wote wa zahanati.

Muuguzi aliisoma amesimama. "Mimi nilikuwa nachanja watoto wa watu!" akasema. "Nimeingiaje humu?"

Usingizi ulinihama. Nilijiona nimenyang'anywa leseni, nyumba yetu ya vyumba vitatu inapimwa na dalali, wanangu wanarudishwa kutoka shule. Na woga ule ulinifanya tabibu wa ajabu. Kila aliyeingia nilimwandikia barua ya rufaa. Mwenye mafua, nenda Bagamoyo. Mwenye mwiba mguuni, nenda Bagamoyo. Mzee mmoja aliyekuja kuomba dawa ya chawa wa mjukuu wake aliniangalia kwa huruma, akaikunja barua yangu vizuri, akaenda kununua dawa dukani.

"Kaka," muuguzi akaniambia, "ukiendelea hivi tubandike bango mlangoni: zahanati imehamia Bagamoyo. Mimi nirudi kwetu Pangani nikauze maandazi."

Nilimkaripia. Lakini alikuwa sahihi, na wagonjwa walianza kupungua. Mama mmoja mjamzito aliacha kabisa kuja kliniki kwa kuogopa nitamtuma mbali. Muuguzi alimfuata kwake kwa miguu.

Kisha mama mkwe akatoka hospitali, na siku ya tatu akaniita. Nilikaa barazani kwake juu ya mkeka. Yeye alikuwa ndani, mlango umerudishwa nusu, namwona ukingo wa kanga tu.

"Baba, upo?"

"Nipo, mama. Shikamoo. Pole sana."

"Marahaba. Nimeshapoa." Daftari likatokeza kwenye mwanya wa mlango, bado limo ndani ya mfuko wake wa plastiki. "Mwanangu amelitafuta sana hili. Nimemwambia limepotea hospitali. Lichukue, ukaliwashie jiko."

"Mama..."

"Mgongo ulikuwa wangu na niliyeuficha ni mimi. Umri huu, nitaona wajukuu zangu wanahangaika kwa sababu ya haya zangu? Chukua, baba."

Nataka niseme kwamba nilikataa. Nililichukua, tena kwa furaha, nikamshukuru mara tatu kupitia mwanya wa mlango. Nilikwenda nalo nyumbani nikaliweka chini ya godoro, upande wangu. Kwa siku mbili nilikuwa nikilitoa na kulitazama. Baada ya maneno "tumbo laini" nilikuwa nimeacha nafasi ya mstari mmoja. Mstari mmoja unatosha kuandika: Mgonjwa amekataa kuvua nguo. Kalamu ilikuwa ile ile, wino ule ule. Na mwenyewe angekubali! Angeapa mbele ya kadhi kwamba alikataa, kwa kunilinda mimi.

Siku ya tatu tukaitwa halmashauri, mimi na muuguzi, kuonana na mwanasheria. Nilitia daftari kwenye begi. Sikuwa nimeamua lolote. Nilikwenda nalo kwa sababu niliogopa kuliacha nyumbani, mke wangu asije akatandua kitanda.

Mwanasheria alikuwa binti mdogo, ushungi wa buluu na miwani, umri wa mdogo wangu wa mwisho. Alitupa shikamoo sote wawili, akatuwekea maji.

"Daktari, kwanza kunywa," akasema. "Naona umekonda. Siku ile ulikuwa kazini?"

"Nilikuwa kazini."

"Ulikuwa umelewa? Ulimtoza chochote pembeni? Ulimkusudia ubaya?"

"Astaghfirullah! Ni mama mkwe wangu."

"Basi sikiliza. Mtumishi akikosea akiwa katika kazi aliyotumwa na serikali, serikali ndiyo inayojibu mahakamani, na ikiamuliwa fidia, inalipa yenyewe. Hakuna atakayekuja kupima nyumba yako."

Muuguzi alikuwa amejiinamia. "Na mimi?"

"Na wewe, dada. Na mhudumu wenu anayepiga deki. Wote mnaofanya kazi mle ndani."

Muuguzi wetu, ambaye sijapata kumwona akilia hata kwenye misiba, alishika ncha ya ushungi wake akajifuta uso. Nilijisikia vibaya. Wiki zote zile nilihesabu hofu yangu peke yangu, sikumuuliza yeye amelalaje.

"Msione kama ni zawadi kwenu," mwanasheria akaendelea. "Ni kwa ajili ya yule mama pia. Mtu aliyeumia akuandame wewe peke yako, atapata nini? Pikipiki yako ile ya nje?"

"Ina gia mbili tu zinazoingia," nikasema. Akacheka.

Kisha akaacha kucheka. "Leseni ni jambo la baraza la taaluma yako. Pale utasimama mwenyewe na kujieleza. Na kuna kitu kimoja kinachovunja yote niliyokuambia. Kufuta, kuongeza neno, kupoteza karatasi. Aliyekosea tuko naye. Aliyeghushi hatumjui." Akafungua faili lake. "Daftari la mgonjwa. Ndugu wanasema limepotea. Wewe unajua lilipo?"

Begi lilikuwa mapajani mwangu. Nilimfikiria mama mkwe nyuma ya mlango wake, mgongo umefungwa bandeji, amebeba jipu langu na jipu lake. Mtu aliyeumizwa ndiye aliyekuwa akinitafutia mahali pa kujificha. Aibu ilinishika kuliko ile ya kumtazama mgongo, na nilitamani ingenishika siku ile ya Jumanne.

Nikalitoa. "Hili hapa. Alinipa mwenyewe nikalichome. Hapa nilipoandika ngozi safi si kweli. Sikuiona ngozi yake. Wala hakukataa kutazamwa. Sikumwomba."

Alisoma ukurasa ule, akaurudia. "Asante," akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyepewa chenji. Akanisogezea karatasi. "Yaandike hivyo hivyo ulivyoyasema."

Niliandika ukurasa mmoja na nusu. Nilipomaliza nilikuwa na aibu na nafuu vyote kwa pamoja, na njaa pia, njaa ya siku nyingi. Muuguzi alininunulia chapati mbili na supu nje ya geti, akaniangalia nikila bila kunitania hata kidogo.

Kikao na familia kilifanyika ofisini pale pale. Shemeji alipewa daftari. Alivaa miwani, akasoma kwa sauti.

"Amechunguzwa. Ngozi safi." Akainua macho. "Ngozi ya nani, shemeji?"

"Sijui ya nani," nikasema. "Ya mama sikuiona. Nimekukosea wewe na dada yako, na yeye zaidi. Nisamehe."

Alilifumba daftari taratibu. "Umelipata wapi?"

"Kwa mama. Alinipa niwashie jiko."

Alitaka kukasirika, nilimwona kabisa akitaka, kisha kicheko kikamponyoka. "Mama huyu," akasema, na macho yakamlowa. "Mama huyu atatumaliza." Halafu akakaa sawa. "Ningekuta umelichoma ningekuandama mpaka mwisho. Lakini malalamiko yangu siyaondoi."

"Usiyaondoe," mwanasheria akamwambia. "Ni haki yenu."

Nami nilikubali, tena kwa moyo mmoja. Halmashauri ilikiri kosa bila kupelekana mahakamani, mama akafidiwa matibabu na msimu wa shamba alioukosa. Mimi nilisimama mbele ya wakubwa wa taaluma yangu, nikasema yale yale. Walinipa onyo la maandishi, na tabibu mwandamizi akawa anakuja kukagua kazi yangu kila mwezi kwa muda wa miezi sita. Barua ya onyo ninayo hadi leo. Mke wangu ameiweka faili moja na cheti chetu cha ndoa, na nikianza kujiona mkubwa huniuliza kama nimeisahau.

Rufaa za mwiba zikaisha. Nilirudi kutibu kwa mikono yangu, maana sasa nilijua nikikosea sitaachwa peke yangu, na nikificha nitaachwa. Muuguzi alimfundisha mhudumu wetu, mama mtu mzima, kusimama na wagonjwa wanawake siku za huduma ya mkoba. Tukashona pazia jipya. Nami nikatangaza kwenye mkutano wa kijiji kwamba ndani ya chumba changu hakuna mkwe. Kuna mgonjwa. Atazamwe na muuguzi au na mimi, lakini atatazamwa.

Wakwe zangu walinishtaki kwa mke wangu, kisha wakaja. Nilipomuuliza mke wa mjomba mkubwa anakwenda haja ndogo mara ngapi, alicheka mpaka ushungi ukamvuka, halafu akanijibu. Nikampima. Naye alikuwa na sukari, na yake tuliiwahi.

Mama mkwe huja kila mwezi kupimwa. Kwa miezi mingi muuguzi ndiye aliyekuwa akimtazama kovu nyuma ya pazia na kunieleza. Mwaka huu, baada ya mfungo, alikuja na daftari jipya. Lile la zamani limebaki kwenye faili la mwanasheria. Muuguzi akamshika mkono ampeleke nyuma ya pazia, naye akabaki kwenye kiti.

"Leo atazame yeye," akasema.

Muuguzi alinitazama. Mimi nilitazama meza.

"Baba, si ulisema humu ndani hakuna mkwe?"

"Nilisema, mama."

"Basi tazama. Ukimaliza uandike ulichokiona, usiandike kingine."

Akageukia dirisha. Muuguzi alimteremsha kanga mpaka chini ya bega. Miaka kumi na miwili nimeishi na binti yake, na mgongo ule sikuwahi kuuona. Ulikuwa mgongo wa mwanamke aliyelima maisha yake yote, mwembamba, umenyooka. Masikio yangu yalikuwa ya moto. Nikanawa mikono, nikasogea, nikaweka vidole viwili juu ya kovu.

"Hapa panauma, mama?"

"Pananivuta kidogo nikiinua ndoo."

"Na hapa?"

"Hapo hapana."

Nilipapasa pembeni pote, nikatafuta joto, nikatafuta uvimbe. Kisha nikarudi kwenye kiti changu, nikaandika. Mkono haukukimbia.

"Umeandika nini?" akauliza, uso bado dirishani.

Nikamsomea. "Amechunguzwa. Kovu chini ya bega la kushoto, refu kama kidole cha kati. Limekauka. Ngozi safi."

Alijitanda kanga yake vizuri, akaligeuza daftari mikononi, akalitia kwenye mfuko wake wa plastiki.

"Haya," akasema. "Sasa ni kweli."